Hapo Weka Dhambi

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Onchari, aliyetufundisha ngumbaru, na pale mazishini wanafunzi wake tuliobaki tuliwekwa kwenye benchi moja na benchi ikatutosha. Zamani tulijaza darasa zima la shule ya msingi, watu wazima kama elfu hivi, tumekalia viti vya watoto magoti yakigusa masikio. Sasa tulikuwa sita, na meno yetu ukiyajumlisha hayafiki ya mtu mmoja. Aliyeongoza ibada akasema mmoja wetu asimame atoe shairi alilofundishwa na marehemu. Wote wakanigeukia. "Kemunto, inuka, wewe ndiwe uliyekuwa na mdomo," akasema Bosibori, jirani yangu wa tangu ujana, ambaye hajawahi kunisifu bila kunichoma kidogo. Nikainuka, nikashika fimbo, nikafungua kinywa, na ubeti uliotoka haukuwa wa Mwalimu. Ulikuwa wa baba mkwe wangu, Mzee Nyamweya, mtu ambaye hakujua kusoma jina lake hata ukiliandika kwa herufi kubwa kama nyumba. Watu wakaitika amina. Nikakaa chini, na njia nzima ya kurudi nyumbani sikusema neno, jambo lililomtia Bosibori wasiwasi akadhani nimeugua.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwetu huku kwenye vilima vya juu ya Ogembo, chai ikiwa bado mgeni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wangu Moraa mgongoni, mume wangu Ongeri akifanya kazi Kericho kwenye mashamba makubwa, na mvua ilinyesha miezi kumi na mitatu kwa mwaka. Sisi tulikuwa Wasabato, na Wasabato wa siku zile walilima chai bila kuionja, maana kanisa liliikataza. Tulichuma asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi, tukabeba vikapu hadi kituo cha kuuzia, lori likaja likachukua majani kupeleka kiwandani Itumbe, nasi tukarudi nyumbani kunywa uji wa wimbi. Mgeni akiuliza mbona mashamba yamejaa chai na hapa nyumbani hakuna hata kikombe kimoja, Bosibori alimjibu, "Hiyo ni ya watu wengine kukosea."

Jiko langu lilikuwa nyumba yake peke yake, ya udongo, ya mviringo, na ndani yake niliishi zaidi kuliko nilivyoishi kwenye nyumba ya kulala. Moshi ulikuwa umepaka dari rangi nyeusi inayong'aa kama kiatu cha chifu. Upande wa kushoto kuni, upande wa kulia mitungi, katikati mafiga na chungu cha chinsaga, mboga chungu unayoipika kwa maziwa siku nzima mpaka ikuonee huruma. Kulikuwa na kidirisha kimoja kisichozidi upana wa sahani, na nje yake, chini ya upenu, kulikuwa na kigoda cha baba mkwe. Alikaa pale kila alasiri. Ndani hakuingia hata siku moja, nami kigoda kile sikukigusa hata kwa ufagio. Kwetu kuna chinsoni, sheria za kuoneana haya baina ya mzazi na mke wa mwanawe. Hamkai pamoja, hamsemi mambo ya kitanda wala ya mwili, aibu ya mmoja haitajwi mbele ya mwingine. Mimi nilimwita Tata, yaani baba, naye aliniita mokamwana, mke wa mwana. Tulipendana sana, na katika miaka yote ile sidhani kama tulitazamana usoni kwa jumla ya dakika tano.

Jioni, saa kumi na nusu, nilimwachia Bosibori mtoto au nikaenda naye tu, nikakimbia darasani. Mwalimu Onchari alikuwa amesoma shule ya Wasabato ya Nyanchwa, akarudi na suti moja na sauti iliyosikika mpaka Nyamira mjini. Alitufundisha kusoma kwa Biblia na kwa mashairi ya ibada aliyoyatunga mwenyewe, kwa sababu vitabu vilikuwa vitatu na sisi tulikuwa wale elfu. Aliandika ubeti ubaoni, akachukua debe tupu, akatupigia mizani: nane mstari huu, nane ule. Tulipiga madawati pamoja naye mpaka kuku wa mwalimu mkuu wakakataa kutaga. Ndivyo nilivyojua Kiswahili, kwa kukipigapiga. Na kila nilichokisoma jioni nilikirudia kesho yake jikoni kwa sauti, nikichambua maharagwe, nane nane, mtoto akilala kwa mdundo.

Alasiri moja nilikuwa nikirudia ubeti mpya wa Mwalimu:

Bwana nakuja na shaka,
kiganjani nalishika,
sijui pa kuliweka,
ila miguuni pako.

Nje, kigoda kikalia. Kisha Tata akakohoa, kikohozi cha mtu anayebisha hodi.

"Mokamwana."

"Naam, Tata."

"Huyo aliyeandika hayo. Ameruhusiwa?"

"Kuruhusiwa nini, Tata?"

"Kumwambia Mungu kwamba ana shaka."

Nikamwambia ni Mwalimu ametunga, na Mwalimu habatizi mtu wala hafungishi ndoa, ila ni shemasi, kwa hiyo labda ameruhusiwa. Nikachambua nusu ungo wa maharagwe. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Siku hiyo nilirudia ubeti ule mara tisini, na maharagwe yakachelewa, tukala saa ambayo kuku walikuwa wameshaota ndoto ya pili.

Ili mnielewe lazima niseme kwamba Tata alikuwa amefutwa kanisani. Kabla mimi sijaolewa pale, ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. Wazee walisema akipandisha sauti, mabati ya kanisa yalitetemeka mpaka misumari ikalegea. Kisha mkewe akafa. Sabato ya kwanza baada ya mazishi, watu wakienda ibadani wamevaa vizuri, walimkuta Tata amesimama kwenye chai yake pembeni mwa njia, ana jembe, analima. Hakujificha wala hakusalimu. Sabato ya pili hivyo hivyo. Wakaja kumwonya, akawakaribisha uji, akawasikiliza, na Sabato ya tatu akalima. Wakamfuta. Miaka sita alikaa nje. Mtu aliyefutwa kwetu hakatazwi kusalimiwa wala kula na watu, lakini akifa, kanisa halimwimbii. Tata alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kirefu, na karibu na kaburi la mkewe alikuwa ameacha nafasi bila kupanda kitu, hata boga.

Wiki moja baada ya ule ubeti, alisema kupitia kidirishani kwamba anataka kurudi. Makambi yalikuwa Agosti, yale mahema makubwa ambapo watu walikusanyika wiki nzima kuhubiriwa, na Ijumaa baraza lingekaa kuwapokea wanaotaka kubatizwa, na Sabato wangetumbukizwa mtoni. Mtu aliyefutwa hubatizwa upya, kama hajawahi, na kwanza hutoa ushuhuda wa maisha yake. Mchungaji wa mwaka ule alikuwa mgeni, ametoka Upareni kule Tanzania, Kikisii hakijui hata cha kuombea maji. Ushuhuda ulitakiwa kwa Kiswahili na kwa maandishi. Kiswahili Tata alikuwa nacho kidogo, cha Kericho alikochuma chai ujanani. Maandishi hakuwa nayo. "Nataka kama ya Mwalimu," akasema. "Yale ya nane nane. Mimi nilikuwa mtu wa nyimbo, siwezi kurudi nikiongea tu kama mtu anayeuza mbuzi."

Basi tukaanza. Yeye nje kwenye kigoda, mimi ndani na daftari juu ya gunia la mahindi, ukuta katikati. Alisema anachotaka, mimi nikakikatakata kwa mizani, nikamsomea, akasema sawa au akasema hapana, hiyo imeruka kama chura. Tulimshukuru Mungu kwa vilima beti mbili, kwa mvua ubeti mmoja, kwa migomba beti tatu, maana migomba Tata aliipenda. Siku ya nne tukafika penyewe. Nikachovya kalamu, nikangoja. Nilimsikia akisugua magoti kwa viganja.

"Hapo weka dhambi," akasema.

"Dhambi gani, Tata?"

"Dhambi."

"Ndiyo, Tata. Lakini ipi?"

Kuku akapita mlangoni, akanitazama, akaenda zake. "Mokamwana, mimi nitakuambia vipi? Wewe weka dhambi. Mungu anaijua."

Nikaelewa kwamba ni jambo la chinsoni, kitu ambacho baba mkwe hawezi kukitia masikioni mwa mke wa mwanawe. Sikumuuliza tena. Ningemuuliza ningekuwa nimemvua nguo. Lakini karatasi ilikuwa mbele yangu na mahali pake pako wazi, na mimi, jamani, tangu kuzaliwa siwezi kuona sufuria ya chakula nisiitie chumvi. Nilifikiri: kulima chai siku ya Sabato kila mtu anakujua, tena ni dhambi ndogo, haitoi machozi. Ushuhuda mzuri unataka dhambi yenye pembe. Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba kadiri shimo lilivyo refu ndivyo kamba ya wokovu inavyoonekana. Basi nikachimba shimo. Niliandika beti saba jioni ile, nikilia na kucheka, mtoto mgongoni akirukaruka. Mmojawapo ulikuwa huu:

Ng'ombe kumi naliiba,
pombe nikanywa kushiba,
hirizi zangu ni saba,
nikaacha njia yako.

Nikaona nimemwandikia Tata dhambi ambazo mfalme angezionea wivu.

Na sasa tazameni jinsi tulivyonaswa. Kesho yake alisema, "Umeweka?" Nikasema, "Nimeweka, Tata." Lakini kumsomea sikuweza. Mke wa mwana atasimamaje chini ya kidirisha amtajie baba mkwe pombe na wizi? Naye hakuweza kuniambia nisome. Nilimsomea vilima, mvua na migomba, nikafika pale, nikasema, "Hapa ni dhambi," nikaruka beti saba, nikaendelea na amina. Akasema, "Imekaa vizuri." Nikaikunja karatasi, nikampa Bosibori ampelekee karani wa kanisa. Bosibori hakuisoma. Nasema hakuisoma kwa sababu angeisoma nchi nzima ingejua kabla hajafika kwa karani.

Ijumaa ya makambi ilikuwa na jua, la kwanza tangu Nuhu. Wanawake tulipika tangu alfajiri, kwa sababu Sabato huanza jua likizama na baada ya hapo hakuna moto mpya. Nilikuwa kwenye sufuria za uji, kila moja ingetosha kumbatizia mtu. Baraza lilikaa ndani ya kanisa, wazee saba na mchungaji. Saa kumi hivi walimwita Tata. Nilimwona akipita amevaa koti lake la harusi, kiwiko kimeshonwa na mimi mwenyewe. Bosibori akanibinya. "Mzee wako leo amenyooka kama mshumaa." Nikachukua birika la uji na vikombe niwapelekee wazee, kazi ambayo sikupangiwa, lakini masikio yangu yalikuwa na safari.

Nikafika mlangoni nikasikia sauti ya Mzee Ayienda, mzee wa kanisa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Wakati ule ule Tata alipofiwa, Mzee Ayienda alikuwa ameibiwa ng'ombe wawili na hawakuonekana tena. Kila mtu alijua habari hiyo, maana aliisimulia kila baada ya sala.

"Mimi nilipoteza wawili," alikuwa akisema. "Yeye hapa amekiri kumi. Sasa nataka kujua, wangu wamo? Na hao wanane ni wa nani?"

"Na pombe imetajwa," akasema mwingine. "Na hirizi."

"Hirizi saba," akasema karani, akifuata kwa kidole.

Mchungaji alikuwa mtu wa sauti ya chini. "Mzee Nyamweya, shairi ni lako?"

"Ni langu," Tata akasema.

"Uliwaiba ng'ombe hawa?"

Birika liliniunguza kifuani na sikulisikia. Tata alikuwa amesimama, kofia mkononi. Alikuwa akisikia beti zile kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilimwona akigeuza kofia mara moja, mara mbili. Angesema tu, "Sikusema hayo," ingekwisha. Lakini hapo wangeuliza, nani kasema? Na jina lingekuwa langu, mke wa mwanawe, aliyemzushia baba mkwe wizi na ulevi mbele ya kanisa. Kwa chinsoni, jambo kama hilo lingenifuata mpaka kaburini, na watoto wangu baada yangu.

"Kama imeandikwa," akasema, "imeandikwa."

"Basi hatuwezi kubatiza," akasema Mzee Ayienda. "Hili ni la kwenda kwa chifu kwanza. Arudi mwakani."

Mwakani. Kikohozi kile hakikuwa na mwakani. Nikaiona ile nafasi tupu kando ya kaburi, na watu wakifukia bila wimbo mtu aliyewafundisha wote kuimba. Sijui nani aliiamuru miguu yangu. Niliingia na birika langu, nikaliweka juu ya meza ya Bwana, mahali ambapo hata maua yaliombewa kabla ya kuwekwa, na nikasema, nikitazama sakafu, "Wazee, hao ng'ombe ni wangu."

Mzee Ayienda akainuka nusu. "Wewe ndiwe uliyeiba?"

"Sikuiba, Mzee. Nilitunga."

"Ulitunga ng'ombe wangu?"

"Wa kwako sikuwafikiria hata kidogo, Mzee. Nilitaka kumi, kwa sababu kumi inakaa kwenye mizani." Nikaona sura zao hazijafunguka, nikasema yote mfululizo kama mtu anayetapika. Nikasema Tata aliniambia weka dhambi, hakuniambia ipi, sikuweza kumuuliza, sikuweza kumsomea, nikatia za kwangu kichwani. "Pombe hajanywa tangu niolewe. Hirizi sijaziona maishani mwangu, hata saba sijui nimeitoa wapi. Makosa ni yangu. Mkinifuta nifuteni, lakini msimwambie mwakani."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Ayienda akakaa chini pole pole, na nadhani alisikitika, maana kwa robo saa alikuwa amewaona ng'ombe wake wakirudi. Mchungaji akamgeukia Tata. "Basi mzee wangu, ile uliyotaka iwekwe ni ipi?"

Tata alitazama upande wangu, si usoni, miguuni. Mchungaji hakuwa wa kwetu, hakuelewa. Lakini Mzee Ayienda alielewa. "Mama," akaniambia, bila ukali, "nenda nje."

Nikaenda nje. Nitasema nini? Kanisa lile lilikuwa la mbao na nyufa zake zingepitisha paka. Nilisimama nyuma yake, mgongo ukutani, kama Tata alivyokaa kwenye ukuta wangu mwaka mzima, na nikasikia.

"Mama Ongeri alikuwa kitandani," alisema, akimtaja mkewe. "Siku ya mwisho. Akaniambia, niombee. Mimi nilikuwa mwimbishaji wenu, maneno yalijaa mdomoni kila Sabato. Nikaweka mkono kichwani pake. Nikafumba macho. Hakuna kilichokuja. Nikaona huko ninakoongea nako siku zote hakuna mtu. Nikakaa hivyo, nimefumba macho, nikimdanganya kwamba naomba. Alikufa mkono wangu uko pale. Alikufa akidhani naomba." Akakohoa, na wakamngoja. "Nililima Sabato kwa sababu sikuona haki kuja kuwadanganya na nyinyi."

"Na sasa unaamini?" mchungaji akauliza.

"Sijui, mchungaji. Siku nyingine naamini mpaka saa sita. Nataka tu kukaa karibu. Kama mtu aliyenyeshewa anavyobisha kwa watu akakae karibu na moto wao. Huyo haulizwi kama ameleta kuni."

Ng'ombe wa mtu akalia mbali, na huyo hakuwa wa kutungwa. Nilikuwa na machozi mpaka kwenye kola. Ndani wakaanza kubishana. Mmoja akasema mtu anayesema sijui habatizwi, maji si ya kujaribia. Mwingine akasema basi sisi tuliosema tunajua tuliulizwa na nani. Sauti zikapanda. Halafu nikamsikia Mzee Ayienda, akiongea kama mtu aliyekuwa peke yake.

"Mke wangu alipokuwa anakufa mimi niliomba. Niliomba kwa sauti, majirani wakasikia. Mpaka leo sikumbuki nilimwambia nani nini." Kiti kikalia. "Karani, mwandike."

"Tumwandike vipi, Mzee? Hatujapiga kura."

"Mwandike, nimesema. Na wewe mtu wa kura, kunywa uji, unapoa."

Wakamwandika. Mchungaji akatoka nje akanikuta pale pale nyuma ya ukuta, na hakuniuliza nafanya nini. Akanipa ile karatasi. "Dada, jua halijazama. Andika upya. Na hao ng'ombe warudi walikotoka."

Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili juu ya kilima. Tulienda nyumbani mbio, kama mke wa mwana na baba mkwe wanavyoenda mbio, yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma, tukijifanya hatujuani. Nikaingia jikoni. Kigoda kikalia chini ya upenu. Sikusema samahani, hatukuwa na njia ya kulisema neno hilo bila kutaja kilichofanyika. Nikafungua daftari nikatafuta kalamu, na kabla sijauliza, yeye akaanza. Hakusema hapo weka dhambi. Aliuelekea ukuta, nilijua kwa jinsi sauti ilivyokuwa karibu, na akasema yale aliyoyasema ndani ya kanisa, yote, neno kwa neno, akijua ninaandika, na nadhani akijua pia kwamba nilikuwa nimeshayasikia. Hapo sikutia chumvi hata punje. Ndiyo kazi pekee maishani mwangu ambayo sikuiongezea kitu, na zilitoka beti mbili tu:

Aliniambia, Omba,
macho yangu nikafumba,
kimya kikajaa chumba,
nikakosa neno lako.

Bwana niko mlangoni,
na mvua i kichwani,
nataka kukaa ndani,
karibu na moto wako.

Nikamsomea. Nilisoma kila mstari, sikuruka. Jua likazama kwenye mstari wa mwisho, nikaweka kalamu chini kama mtu aliyekatwa mkono. Nje Tata akasema, "Sabato njema, mokamwana."

Asubuhi yake alisimama mtoni, maji kifuani, akazisema beti zile mwenyewe, hakuhitaji karatasi. Akaingia majini, akatoka. Na alipokuwa akisaidiwa kupanda ukingoni, amefunikwa koti la watu, akakohoa, akaanzisha wimbo, na sauti ile, ambayo mimi niliyeolewa baadaye nilikuwa naiona kama hadithi ya wazee, ilifika Tanzania nyumbani kwa mchungaji. Aliishi miezi minane baada ya hapo. Walimwimbia kaburini mpaka sauti zikawakauka.

Ongeri, mume wangu, hakupewa ruhusa kazini, hakuwako mtoni. Aliporudi Desemba watu walikuwa wameshamweleza habari ya ng'ombe kumi, na alicheka mpaka akashikilia mlango, na akanitania nazo maisha yake yote: tukikosa kitu, alisema nikatunge. Habari ya chumba hakuna aliyemweleza. Watu wetu huijua heshima. Walichokisikia mtoni walikiacha mtoni. Mimi pia sikumwambia. Ningemwambiaje mtu jinsi mama yake alivyokufa? Niliendelea na shule ya jioni mpaka nikapata cheti, ambacho ni kikubwa kama mlango, na karatasi ile ikakaa ndani ya Biblia yangu.

Miaka miwili iliyopita Ongeri alilazwa Kisii, na siku moja alasiri daktari aliniita pembeni akaniambia maneno ambayo huambiwa mtu pembeni. Nikarudi kitandani. Mgonjwa wa jirani alikuwa amepelekwa kupigwa picha, tulikuwa wawili. Ongeri akanitazama akasema, "Mama Moraa, niombee." Nikaweka mkono kichwani pake. Nikafumba macho. Mimi, mwenye mdomo, mwenye kuongeza, mwanafunzi wa Mwalimu Onchari, niliyesali hadharani mara milioni: hakuna kilichokuja. Nikakaa hivyo kidogo, nikasikia pumzi yake inangoja.

Basi nikamwambia, "Sina neno langu. Nina la baba yako." Nikamsemea ubeti wa kwanza, polepole, nane nane, vidole vyangu vikipiga mizani kwenye shuka. Akafungua macho. "Ni Tata huyo?" akauliza. Nikasema ndiye. Akawaza. Nilimwona akielewa ni chumba gani, na ni nani alikuwa kitandani. "Uendelee," akasema, "usiruke." Nikamsemea wa pili, akausema pamoja nami kwenye mstari wa mwisho, maana mtu mwenye masikio huujua unapoelekea. Kisha nikafumba macho tena, na chumba hakikuwa kimya.